Nyota ya Nani

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka chekechea na nyota kwenye paji la uso. Nyota ya karatasi, ya njano, zile za kubandika. Mwalimu alimpa kwa sababu aliimba vizuri, au kwa sababu hakulia, sikumbuki. Alikuja mbio kunionyesha, na mimi, mtu mzima niliyelea watu na kuzika watu, nikaruka kutoka kitini nikamfunika uso kwa kiganja. Mama yake akauliza kuna nini. Nikasema nilidhani ni mdudu.

Hakukuwa na mdudu. Ulikuwa woga wangu wa utotoni, ambao nilidhani niliuacha kule bondeni pamoja na mikeka iliyooza. Kama na wewe ulikulia pande za Ifakara miaka ile ya hamsini, huenda utanielewa kabla sijafika mbali. Kama hukukulia huko, vumilia kidogo, na ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe siku hizi nacheka, ingawa mkono, kama ulivyoona, bado haujui kucheka.

Kwetu masika yakianza watu walihama. Nyumba za kijijini zilibaki na wasiojiweza na kuku wachache. Wengine wote tulijitwika vyungu, mikeka na mbegu, tukashuka bondeni kwenye mpunga, na huko tuliishi juu ya dungu. Dungu ni kibanda kilichosimama kwa miguu ya miti, juu kupita kichwa cha mtu, kina ngazi ya kupandia na sakafu ya fito iliyokandikwa udongo mahali pa moto. Chini yetu yalipita maji, juu yetu kulikuwa na nyasi, na katikati moshi uliofukuza mbu na kututoa machozi kutwa nzima. Tulipika humo, tukalala humo, na kutoka humo tulifukuza ndege kwa kupiga debe. Asubuhi, bonde zima likipiga madebe, kila dungu na mdundo wake, ungedhani kuna harusi ambayo watu wamekataa kuondoka.

Ninachokumbuka zaidi ni harufu. Pepeta, kwa mfano. Mpunga ambao haujakomaa vizuri unakaangwa chunguni, unatwangwa ungali wa moto mpaka punje zinabapa, kisha unachota kwa mkono na kutafuna taratibu huku unatazama mvua inavyokuja kutoka milimani. Kulikuwa na kambale aliyebanikwa juu ya moshi mpaka akawa mweusi, na ugali wa mchele, mweupe, laini, unaoteleza kooni wenyewe. Nimekula vya hoteli na vya sherehe za wakubwa. Sijakula tena kitu kama ugali ule.

Dunguni kwetu tulikuwa watatu: Bibi, yaani mama yake mama, mimi, niliyekuwa nimeshang'oa meno ya mbele, na mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutamka maneno. Baba na mama walikuwa kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kilosa, wakija mara moja kwa mwaka na khanga na sukari. Nilikuwa mwoga kupindukia. Niliogopa viboko waliokoroma mtoni. Niliogopa mamba, ambaye sikuwahi kumwona ila nilijua ananijua. Niliogopa hata ngazi ya dungu letu, kile kidato cha mwisho kinachoingia majini. Lakini hivyo vyote ukivijumlisha havikufikia nusu ya woga niliokuwa nao kwa jirani yetu.

Jirani alikuwa askari wa Bama. Vita ile kubwa ilipokuwa inapiganwa, watu wengi wa pande zetu walikamatwa kupelekwa kazi za lazima, na wengine walikimbilia porini wasikamatwe. Huyu alijiandikisha mwenyewe. Hakuna aliyemshurutisha, na jambo hilo peke yake liliwatosha watu kumtilia shaka. Alikwenda yeye na mjomba wangu, mtoto wa kiume pekee wa Bibi, rafiki yake tangu wakivua samaki kwa vikapu. Wakapelekwa ng'ambo ya bahari, kwenye msitu wa watu wengine, nchi inaitwa Bama, Burma ya kwenye ramani. Alirudi yeye peke yake.

Nilichosimuliwa ni hiki. Siku aliyoleta habari ya msiba, Bibi alimfukuza kwa mchi. Baadaye askari akaitwa bomani Mahenge pamoja na wenzake waliotoka vitani, wakagawiwa nishani. Alipotoka huko hakwenda kwao kwanza, alikuja moja kwa moja kwa Bibi, akasimama uani na kopo dogo la bati mkononi. Akasema, "Mama, nimepewa nyota."

Bibi akamuuliza, "Ya nani?"

Askari hakujibu. Alisimama, akatazama chini, akalifunika kopo lake, akaondoka. Na hapo ndipo yalipoanzia mambo yote.

Maana unajua sisi tunavyosema. Mtu ana nyota yake, anazaliwa nayo. Nyota yako ikiwa kali unapendwa, unapata; ikichukuliwa na mwenzako, yeye anang'aa na wewe unazimika. Ifakara kulikuwa na mwenye duka mmoja mtu wa pwani, aliyekuwa akifungua kitabu na kuwasomea watu nyota zao nyuma ya magunia ya chumvi, na Bibi alikuwa mteja wake mzuri. Sasa vijana wawili wamekwenda safari moja, mmoja amekufa, mwingine amerudi mzima anasema amepewa nyota, na akiulizwa ya nani ananyamaza. Wewe ungesemaje? Bonde zima lilisema hivyohivyo. Walisema alimshawishi mwenzake waende, kumbe alikuwa anaitaka nyota ya huyo mwenzake.

Kwa hiyo sisi watoto tulijua kwamba ndani ya kopo lile kuna nyota ya mtu. Tulijua kwamba usiku inatoa mwanga kwenye matundu ya misumari yaliyotobolewa koponi. Tulijua kwamba anaweza kuchukua nyingine, na kwamba nyota ya mtoto ndiyo rahisi kuchukua kwa sababu bado haijakaza. Inakaa hapa, kwenye paji la uso, inaonekana kwa anayejua kutazama. Kila asubuhi kabla hatujashuka ngazi Bibi alipitisha kidole chini ya chungu, akatupaka masizi kwenye paji la uso, mimi kwanza kisha mdogo wangu, ili nyota isionekane. Tukawa na alama nyeusi masika mazima. Hata nilipokuwa mbali na askari nilitembea nimeinamisha kichwa.

Naye wala hakuwa na sura ya kutisha, hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye koti la jeshi alilovaa kwenye mvua mpaka likawa halina rangi. Shamba lake lilipakana na letu. Kila asubuhi alipita ukingoni mwa mpunga wetu, akasimama mbali kidogo na ngazi, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

Bibi hakuitika. Miaka yote ile, sijui ni masika mangapi, sikuwahi kumsikia akiitika. Alipepeta mchele wake tu, ungo ukisema shaa, shaa. Wewe unafahamu jinsi shikamoo isiyoitikiwa inavyokaa hewani. Kwetu hata adui unamwitikia, halafu ndiyo unagombana naye. Askari alisubiri kidogo, akavaa kofia, akaenda zake. Kesho yake alikuja tena. Mimi nikiwa nimejificha nyuma ya mtungi nilikuwa nawaza, huyu anatafuta nini kama si nyota zetu?

Mwaka ninaotaka kukusimulia, mto ulijaa mapema. Maji yalipanda mpaka mpunga ukabaki masuke tu juu, na majirani mmoja mmoja wakapakia mitumbwi yao wakarudi kijijini. Bibi alikataa. Alisema mpunga wake umebakiza kidogo kukomaa na hawezi kuwaachia ndege. Madebe ya bonde yakapungua, siku hadi siku, mpaka asubuhi moja nikasikia mawili tu: letu, na la askari. Hapo nikajua kwamba katika maji yote yale, mpaka macho yanapokomea, tumebaki sisi na yeye.

Ndipo mdogo wangu akashikwa na homa. Siku ya kwanza alikataa pepeta. Siku ya pili alikataa hata maji, mwili ukichoma, na Bibi akachemsha majani yake yote aliyokuwa nayo, akamwogesha, akamfukiza. Mchana wa siku iliyofuata mtoto alikakamaa mikononi mwa Bibi. Macho yakageuka, meno yakaumana, miguu ikapiga fito za sakafu. Nilikuwa sijawahi kumwona Bibi anaogopa. Siku hiyo nilimwona.

Mtumbwi wetu ulikuwa umepasuka na umelala chini ya dungu. Nikamwambia Bibi tumwite. Sikusema jina, alijua ninayemsema. Akasema hapana. Akasema alimchukua mmoja, hatamchukua wa pili. Mtoto akatulia, akapumua, kisha akakakamaa tena, na safari hii povu likamtoka mdomoni.

Nilichukua fimbo nikaanza kupiga debe. Si kwa mdundo wa ndege. Nilipiga tu, ovyo, bila kupumzika, huku nalia, na jambo ninalolikumbuka kuliko yote ni kwamba kila nilipopiga niliomba asikie na niliomba asisikie. Bibi alinitazama. Hakuninyang'anya fimbo.

Alikuja anasukuma mtumbwi kwa upondo, amesimama wima, mvua inamchuruzika kwenye koti. Aliufikisha mpaka kwenye ngazi. Na unaamini? Alivua kofia kwanza.

"Shikamoo mama. Nimesikia debe."

"Usipande," Bibi alisema. Alikuwa amesimama juu ya ngazi na mchi, mdogo wangu amemlaza begani.

"Mtoto ana degedege, mama. Namwona hapa. Maji yanakwenda kasi, nikiondoka sasa hivi nitafika Ifakara hospitalini kwa masista kabla ya giza."

"Nyota ya mwanangu unayo koponi. Sasa umeifuata ya huyu."

Nilisubiri akasirike. Nilijua mtu mzima akiambiwa maneno yale anakasirika, na kwamba akikasirika ataondoka, na mdogo wangu atakufa. Au atapanda kwa nguvu. Yote mawili niliyaogopa sawasawa. Askari alimtazama mtoto, akamtazama Bibi, akageuza mtumbwi, akaondoka.

Nikasema basi, tumekwisha.

Lakini alikwenda dunguni kwake tu. Tukamwona anapanda, anashuka, anarudi, akisukuma kwa nguvu mpaka maji yanaruka. Alipofika aliinua mkono wake juu ya kichwa, na mkononi lilikuwa lile kopo. Mimi nilijifunika uso.

"Shika, mama," alisema. "Kaa nayo wewe. Nipe mtoto."

Bibi aliushusha mchi. Alilichukua kopo kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kaa la moto, akang'ang'ana na mfuniko mpaka ukatoka. Nilichungulia kati ya vidole. Sijui nilitegemea nini, pengine moto. Kilikuwa kipande cha shaba kilichofifia, chenye ncha, rangi kama ya birika la zamani, kimening'inizwa kwenye utepe wa buluu na mwekundu wenye milia ya rangi ya chungwa. Hakikung'aa hata kidogo. Bibi alikitazama kwa muda mrefu, akakifumbata. Kisha akainama, na kwa mkono mmoja akamshusha mjukuu wake mikononi mwa mtu yule. Askari alimvingirisha kwenye koti, akamlaza mtumbwini, akaondoka. Kichwa cha mdogo wangu kilionekana kwenye kola ya koti, na lile doa jeusi la masizi, mpaka mvua ikawafuta.

Siku zilizofuata sitaki sana kuzikumbuka, ila ndizo ninazozikumbuka vizuri kuliko zote. Mimi na Bibi, juu ya maji, hatuongei. Debe lilikuwa letu peke yake na ndege walijua hivyo. Bibi alikaa na nyota mapajani. Mara nikamsikia anaongea nayo Kindamba, kwa sauti ya chini, sauti ile anayotumia mtu anapozungumza na mwanawe aliyechelewa kurudi nyumbani. Aliieleza kwamba maji mwaka huu ni makubwa. Aliieleza kwamba dada yake yuko mkongeni na mumewe, ana watoto wawili. Akasita, akasema ana watoto wawili, Mungu akipenda. Tukila, alitenga chembe za pepeta kando ya kopo. Mimi nilihamia kona ya mbali kabisa, maana niliamini mjomba yumo mle ndani, na kwamba kama mdogo wangu hatarudi ataingia humo naye.

Walirudi asubuhi, mvua imekatika. Kwanza nilisikia upondo, kisha nikasikia sauti ya mdogo wangu inadai chakula. Alikuwa amekaa katikati ya mtumbwi ndani ya koti lile, amekonda shingo kama kifaranga, na paji la uso lake lilikuwa safi. Masista walikuwa wamemwogesha. Nilimsikia Bibi anavuta pumzi. Mtoto alikuwa wazi kabisa mbele ya yule mtu, hana hata alama ya masizi, na mtoto alikuwa mzima.

Askari alifunga mtumbwi kwenye ngazi. Akavua kofia.

"Shikamoo mama."

Nilihesabu matone yaliyodondoka kutoka kwenye nyasi za paa, kwa sababu nilishindwa kuwatazama.

"Marahaba," Bibi alisema. Sauti ilikwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Akarudia vizuri zaidi. "Marahaba, mwanangu. Panda ule."

Akapanda. Alikula ugali wetu na kambale wetu, na mimi nilikaa karibu na mtungi nikijaribu kumwogopa na nikiona kazi inanishinda. Kopo lilikuwa pale pale kati yao. Hakuliomba. Bibi hakulirudisha. Kesho yake asubuhi Bibi hakutupaka masizi.

Nyota ile hakuichukua tena maishani mwake. Mkubwa wa serikali akija Ifakara, askari wa zamani walijipanga kiwanjani na nishani vifuani, na yeye alisimama na koti lake likiwa na matundu mawili mahali pini ilipokuwa. Watu walicheka, wakasema ameiuza akanywea pombe. Bibi alikuwepo, akayasikia, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akimtetea, tena kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Bibi alifariki nikiwa nimekuwa msichana mkubwa. Tulimzika na nyota yake, tumeifunga kwenye pindo la khanga, na aliyeshuka kaburini kumpokea kama mtoto wa kiume ni askari. Watu walipotawanyika nilimkuta amekaa kando ya njia anasafisha udongo kwenye kucha. Nikamwamkia, nikakaa. Nikamuuliza jambo lililonisumbua tangu nilipokwenda shule nikaelewa nishani ni nini. Kwa nini hakumwambia Bibi tangu mwanzo kwamba ile ni nishani tu, kila aliyepigana Bama alipewa, na kwamba hajachukua cha mtu?

"Ningeanza hapo angeniuliza na mengine," alisema. "Angeniuliza nani alianza."

Basi nikamuuliza mimi.

"Tulikwenda Ifakara kuuza samaki, mimi na mjomba wako. Sokoni kuna bwana anaandikisha askari. Mjomba wako akanyoosha mkono. Nilimvuta shati, hakunisikia. Mimi sikutaka vita, mpwa wangu. Ila niliitazama njia ya kurudi huku, nikamwona mama amekaa na ungo wake, ananiuliza mwanangu umemwacha wapi. Nikaogopa. Nikanyoosha na mimi."

Nilimwuliza mbona aliacha bonde zima limwite mshawishi na mwizi wa nyota.

"Ningemwambia, angemkasirikia nani?" alisema. "Marehemu?"

Naye ameshakwenda siku nyingi. Madungu yamebaki machache, na ukipita leo upande wa Mngeta unaona mashine zinavuna katika asubuhi moja shamba ambalo sisi tungelilinda masika mawili. Pale penye kivuko cha mtoni, ambacho nacho tulikiogopa, sasa pana daraja, magari yanapita juu bila hata kupunguza mwendo. Hakuna anayepiga debe. Wakati mwingine naamka mapema nikidhani nimelisikia moja, kumbe ni mabati ya jirani. Namfikiria yule kijana pale sokoni, mikono inanuka samaki, anaogopa kusimama peke yake mbele ya mama wa mwenzake kuliko anavyoogopa risasi. Halafu nafikiria kwamba alirudi, peke yake, akasimama mbele yake hivyohivyo, kila asubuhi ya Mungu, kofia mkononi.

Nyota ya mjukuu wangu ilibanduka usiku ikaanguka kwenye mto wa kulalia. Asubuhi niliiokota, nikailamba kidogo nyuma, nikaibandika tena palepale kwenye paji la uso, nikaikaza kwa kidole gumba. Mtoto alinitazama, akaniamkia. Nikaitika.